Sarafu Ndani ya Ufa

Mwisho wa Februari 2024 fundi alisimama sebuleni kwangu, mtaa wa Utawala, mashariki mwa Nairobi, akautazama ufa ulioanzia kona ya dirisha na kushuka ukipindapinda hadi karibu na sakafu. Hakusema kitu. Akatia mkono mfukoni, akatoa sarafu ya shilingi kumi, akaisukuma ukutani kama mtu anayepiga simu ya kibanda enzi zile. Ikaingia bila ubishi, ikabaki ukingo tu.

"Mama Neema," akasema, "huu ufa si wa simiti. Huu ni wa udongo."

Nilikuwa nimemwita aje auzibe. Nilishauziba mara mbili, mara ya kwanza kwa simiti na mchanga, mara ya pili kwa dawa ya bei ambayo muuzaji aliapa haitapasuka hata tetemeko likija. Nikamkumbusha fundi, kwa sauti ile ya mwalimu wa darasa la nne, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

"Hiyo methali ni ya watu wa Pwani," akajibu. "Wao wamejenga juu ya matumbawe. Wewe umejenga juu ya nini?"

Ni mzee wa Kangundo, amejenga Embakasi, Ruai na Kitengela tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na akizungumzia udongo utadhani anazungumzia wakwe zake: heshima kwanza, malalamiko baadaye. Hakuziba chochote siku hiyo. Aliniambia niiache sarafu palepale. "Mwezi wa tano ujaribu kuitoa."

Mwezi wa tano nikajaribu. Kwanza kwa kucha, kisha kwa kisu, kisha kwa plaisi ya jirani. Ukuta ulikuwa umeiuma. Juu na chini ya sarafu ufa ulikuwa umefunga, hata risiti ya supamaketi haikupita. Na mlango wa jikoni, ambao Februari ulikuwa ukifunguka wenyewe kwa upepo, sasa ulitaka bega.

Mafundi wa Nairobi huuita udongo huu black cotton, hata fundi ambaye hana neno lingine la Kiingereza kinywani. Jina lilitoka India, ambako udongo wa namna hii ulijulikana kwa kilimo cha pamba. Hapa kwetu haujulikani kwa pamba. Kiangazi unakuwa mgumu kama tofali na kupasuka nyufa ambazo mbuzi anaweza kuzamisha mguu. Masika unageuka gundi. Hatua tatu tu na kila kiatu kimeongeza kilo. Watu wa mtaa wetu tunatambulikana stejini asubuhi ya mvua: gambuti mguuni, viatu vya ofisi kwenye mfuko. Kuna mama pale kibandani anayetuwekea gambuti hadi jioni kwa shilingi ishirini, na nasema bila utani kwamba biashara yake imeanzishwa na volkeno.

Mama yangu anaishi Wangige, upande wa pili wa jiji, saa moja na nusu kwa matatu kama foleni imelala. Kule udongo ni mwekundu. Unapaka kila kitu rangi, kuanzia kola za mashati hadi miguu ya kuku, lakini una adabu. Ukinyeshewa unakunywa, ukimaliza kunywa unatulia. Nyumba aliyojenga marehemu baba mwaka niliozaliwa haina hata mstari. Nilipomwambia kwamba nimenunua ploti Utawala, mama alikaa kimya kidogo akapepeta mchele, kisha akauliza, "Ile ya ng'ombe za Wamaasai?"

Kwa miaka nilidhani aina hizi mbili za udongo ni watu baki kabisa. Kumbe ni ndugu, baba mmoja. Chini ya Nairobi yote kuna mawe ya volkeno, tabaka juu ya tabaka, lava na majivu yaliyogandamana. Miongoni mwa yaliyo chini kabisa ni lava iitwayo fonolaiti ya Kapiti, iliyomwagika ikiwa moto takriban miaka milioni 13 iliyopita na kutandaa tambarare za mashariki na kusini. Hata mawe ya kijivu tunayoletewa kwa lori kutoka Ndarugo, yale ambayo yamejenga kila ploti ya jiji hili, ni majivu ya volkeno yaliyogeuka mwamba. Kwa hiyo ukuta wangu ni majivu ya kale yaliyosimamishwa juu ya lava iliyooza. Huenda ndiyo maana hawaelewani.

Kilichowatenganisha ndugu hao ni maji. Upande wa magharibi nchi imeinuka, mvua ni nyingi na miteremko inayapeleka maji chini. Maji yanapopita miaka kwa miaka huondoka na chumvi na madini yanayoyeyuka, yanaacha chuma, na chuma kikipata hewa hushika kutu. Wekundu wa Wangige ni kutu. Upande wa mashariki nchi imelala. Maji yakija hayana pa kwenda, yanasimama mpaka jua liyanyonye, na kila kilichoyeyuka kinabaki palepale na kujisuka upya kuwa udongo wa mfinyanzi wenye vipande vyembamba ajabu, vimepangana kama matabaka ya chapati iliyopikwa na mtu anayejua chapati. Mvua ikinyesha, maji huingia kati ya tabaka na tabaka na kuzisukuma. Udongo unavimba. Unainua sakafu, kuta, lami, mabomba. Jua likiwaka, maji hutoka, udongo unanywea, kila kitu kinashuka, lakini si kwa pamoja. Pembe za nyumba hukauka kwanza na katikati hubaki na unyevu, na hapo ndipo ufa unapozaliwa.

Dawa inajulikana, na fundi alinieleza bila huruma: unachimba udongo mweusi wote hadi ufike kwenye mwamba, unaubeba kwa lori, unajaza mawe, ndipo unaanza msingi. Kwangu mwamba uko futi sita chini. Aliyenijengea alichimba tatu.

Sasa fikiria mti mahali pangu. Mti nao ni mjenzi, na mizizi ndiyo msingi wake. Kila kiangazi ardhi inafunguka na kuikata mizizi, kila masika inafunga na kuifinya, na kwa wiki kadhaa maji yanasimama hadi mizizi inakosa pumzi. Miti mingi haiwezi. Nyasi zinaweza, kwa sababu hazina haja ya msingi mrefu: zikifa juu, zinachipua tena. Ndiyo maana ukisimama Wangige au Karura uko katika nchi ambayo asili yake ni msitu, wa mihugu na mikinduri, na ukisimama Utawala uko katika nchi ya nyasi hadi macho yachoke. Na penye nyasi patakuja wala nyasi, na nyuma yao anakuja aliye na meno. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, kilomita za mraba 117 zilizotengwa mwaka 1946, inasifiwa kwa kuwa na simba mbele ya maghorofa. Watalii wanadhani ni maajabu ya mipango miji. Simba wako pale kwa sababu upande ule udongo mweusi uliishinda miti zamani sana, kabla ya mtu yeyote kupanga mji.

Kuna mti mmoja uliokataa kushindwa. Nilimpeleka Neema hifadhini Jumapili moja, na karibu na bwawa tukasimama kando ya mgunga mfupi, wa kimo chake na kidogo, wenye miiba mirefu meupe na vinundu vyeusi vya ukubwa wa limau. Kila kinundu kina vitundu vidogo. Upepo ukapita, na mti ukapiga mluzi. Neema alinishika mkono. Nikagonga tawi kwa kalamu, na kwenye vile vitundu wakatoka sisimizi, wengi, wamekasirika, mikia juu. Mgunga huo unawapa nyumba na utamu, wao wanaulinda. Twiga anaweza kula kidogo na kuvumilia, lakini hata tembo, mwenye ngozi ile, hataki sisimizi ndani ya mkonga.

Laikipia, ambako udongo mweusi na migunga hiyo ipo kwa wingi, watafiti walifuatilia kilichotokea sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa walipovamia na kuwaua walinzi hao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Miti ilipokosa jeshi, tembo waliivunja. Miti ilipovunjika, mbuga ikawa wazi na simba wakakosa pa kujificha. Pundamilia wakawaona mapema. Mwaka 2003 pundamilia walikuwa kama asilimia 67 ya mawindo ya simba pale, kufikia 2020 walikuwa asilimia 42, na simba wakageukia nyati, mnyama ambaye mwenye akili timamu angemwacha. Sisimizi wa ukubwa wa punje ya mtama amebadilisha chakula cha jioni cha simba. Nilipomsimulia fundi habari hii alitikisa kichwa tu. "Ni kama msingi," akasema. "Kinachokuangusha hukioni."

Nyumbu nao walikuwa na kalenda yao. Mvua ikinyesha walitoka hifadhini kwenda tambarare za Athi na Kapiti, ambako majani mafupi yana virutubisho na ardhi iko wazi ya kutosha kumwona adui. Kiangazi walirudi kwenye mabwawa na Mto Mbagathi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walihesabiwa zaidi ya 20,000 katika tambarare hizo. Leo wamebaki elfu chache. Tambarare imekatwa ploti za futi hamsini kwa mia, na mimi ni mmoja wa walionunua, kwa hiyo sitapaza sauti sana hapa.

Mpaka kati ya mwekundu na mweusi unapita katikati ya Nairobi, na watu waliusoma zamani kuliko wahandisi. Wakikuyu walilima kwenye migongo ya udongo mwekundu, penye msitu. Wamaasai walichunga kwenye tambarare nyeusi. Mahali pa mshono palikuwa pa kubadilishana, ngozi na mifugo kwa vyakula vya shamba, na pia pa kupigana. Wamaasai ndio walioacha jina: enkare nairobi, maji baridi. Reli kutoka Mombasa ilipofika mwaka 1899, ilisimama hapo kwa sababu za ardhi tu. Palikuwa na maji, palikuwa tambarare ya mwisho ya kupangia mabehewa kabla ya kupanda vilima na kuteremka bondeni. Kwa reli mahali pazuri, kwa binadamu bwawa la tope. Na ukoloni ulipogawa mji, Wazungu walipanda migongoni, Muthaiga, Parklands, kwenye udongo unaonywa maji, na Waafrika wakapangiwa mashariki, Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, kuelekea bondeni na kwenye mfinyanzi. Ramani ya kodi ya nyumba Nairobi ya leo bado inafanana sana na ramani ya udongo. Landilodi wa kwanza wa mji huu yuko chini ya sakafu, na anakuja kudai mara mbili kwa mwaka.

Mara mbili, kwa sababu jua hutuvuka mara mbili. Ukanda wa mvua unalifuata likienda kaskazini na likirudi kusini, nasi tulio karibu na ikweta tunapitiwa safari zote mbili: masika Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Bahari ya Hindi ikipata joto upande wetu, au El Niño ikiwasha Pasifiki, vuli inakuja na hasira.

El Niño ya mwaka 1997 na 1998 nilikuwa mtoto wa shule na ninaikumbuka shingoni. Usiku, kwenye taa, walijaa wadudu wembamba, wekundu kwa weusi, wanaotembea haraka kama wana kikao. Tukiwaita nairobi flai, ingawa si nzi, ni wa ukoo wa mbawakawa. Hawaumi wala hawachomi. Ukimpangusa na kumpondea kwenye ngozi ndipo unakiona: sumu iliyo mwilini mwake, ambayo hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani yake, inakuunguza kama maji ya betri. Mimi nilimponda usingizini. Nilienda shule wiki mbili na shingo iliyopakwa dawa ya waridi, nikaitwa Ngiri. Bahari inapata joto la ziada upande wa pili wa dunia, mdudu anazaliana kuliko kawaida, mtoto wa Wangige anapata jina la utani. Hiyo ndiyo tabia nchi niliyoifahamu mimi kabla ya kuisoma darasani.

Lakini nilikuwa kwenye nyufa.

Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi karibu na Suswa ilifunguka na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Picha zilizunguka dunia: shimo refu lenye kuta wima, watu wamesimama ukingoni wakichungulia. Vichwa vya habari vya nje vikasema Afrika inapasuka vipande viwili. Wanajiolojia wakajaribu kutuliza watu. Chini ya pale kuna majivu laini ya volkeno, maji ya mvua yalipita humo chinichini yakayasomba, mpaka paa la juu likaporomoka. Mvua ilifanya kazi ya wiki, na bara lenyewe linafanya kazi ya mamilioni ya miaka. Kweli Afrika inaachana, kipande cha mashariki kikiondoka polepole, milimita chache kwa mwaka. Kucha zako zinaipita mwendo mara nyingi. Lakini nilifurahi kwamba Kiswahili hakikuhitaji vichwa vya habari. Sisi tumekuwa tukisema Bonde la Ufa tangu shule ya msingi, tukilitamka haraka haraka kama jina la mtu, bila kusikia kwamba ndani yake mna neno lilelile la ukutani kwangu.

Ukitaka kuuona ufa huo, panda Ngong. Kutoka mjini vile vilima vinaonekana kama vifundo vya ngumi. Ni mabaki ya volkeno. Upande wake wa magharibi ulikatika ukazama bondeni, na sisi tumebakiwa na nusu. Ukisimama juu, mita 2,460, mgongo ukiwa Nairobi kwenye ubaridi, uso unapigwa na joto linalopanda kutoka chini, na nchi inashuka ngazi kwa ngazi hadi mbali kwenye weupe wa Ziwa Magadi. Joto hilo la chini ya bonde ndilo linalochemsha mvuke wa Olkaria, uliotupa stima tangu 1981. Taa ambayo fundi aliwasha kuuangalia ufa wangu huenda iliwaka kwa nguvu za ufa ule mkubwa.

Kuinuka kwa kingo za bonde kulichangia kuuzuia upepo wenye unyevu, misitu ikarudi nyuma, nyasi zikaenea, na mababu zetu wakajikuta mahali pasipo miti ya kutosha. Olorgesailie, kama kilomita 70 kutoka mjini kwenye barabara ya Magadi, unatembea juu ya daraja la mbao na chini yako kuna mamia ya mashoka ya mawe, yamelala yalipoachwa. Neema alining'inia kwenye kamba akayatazama.

"Mama, mbona hawakuokota vitu vyao?"

Swali zuri. Kwa mamia ya maelfu ya miaka watu wa pale walitengeneza shoka la aina ileile, kubwa, la umbo la chozi, kwa jiwe la jirani. Palikuwa na ziwa, nyasi, wanyama wakubwa. Kwa nini ubadilishe? Mwaka 2012, karibu na pale, wanasayansi wa taasisi ya Smithsonian ya Marekani na Makumbusho ya Taifa ya Kenya walichimba na kutoa nguzo nyembamba ya mashapo yenye urefu wa mita 139, kumbukumbu ya miaka milioni moja ya mvua na kiangazi. Walichokisoma ni kwamba kiasi cha miaka 400,000 iliyopita nyufa mpya ziliikata nchi vipande vidogo, maji yakawa ya leo yapo kesho hayapo, na wala nyasi wakubwa wakatoweka. Watu wanaofuata katika udongo, miaka 320,000 iliyopita, wana vifaa vidogo vilivyochongwa kwa ustadi, wana rangi nyekundu na nyeusi, na wana mawe meusi ya kioo cha volkeno yaliyobebwa kutoka makumi ya kilomita. Maana yake walikuwa na watu wa kuwaendea huko mbali, na kitu cha kuwapa.

Nilimjibu Neema kwamba walihama. Akasema, "Kama sisi tulivyotoka kwa cucu," yaani kwa bibi yake, Wangige. Sikumrekebisha.

Aprili ile, sarafu ikiwa ukutani, mvua haikukatika. Huku kwetu wiki za kwanza nyufa za ardhi zilikunywa kila kitu, kisha udongo ukavimba ukaziba midomo yake, na kuanzia hapo kila tone lilitafuta njia ya juu. Mathare mto ulipita ndani ya nyumba za mabati. Usiku wa kuamkia tarehe 29 maji yaliteremka kwa kishindo Mai Mahiu, chini ya ukingo wa bonde, yakachukua makumi ya watu. Kabla masika hayajaisha, waliokufa nchini walipita 200. Serikali ikaagiza watu watoke umbali wa mita 30 kutoka mitoni, mabuldoza yakaingia. Yule mama wa gambuti alifunga kibanda siku nne, akarudi na habari ya dada yake wa Mathare, kwamba wako hai wote lakini hawana hata sufuria. Tukachanga pale stejini, kila mtu na mfuko wake wa viatu mkononi.

Fundi alirudi Julai, baridi ile ya mawingu yaliyokaa kitako juu ya jiji. Alichimba mtaro kuzunguka nyumba, akamimina simiti yenye mteremko ili maji ya paa yasikae karibu na msingi, akaniamuru ning'oe ndizi nilizopanda chini ya dirisha, kwa maana zilikuwa zikinyonya upande mmoja wa nyumba. Ufa hakuugusa. "Uache uhangaike kidogo," akasema. "Tuuone umefika wapi."

Usiku mmoja wa Septemba, nikikunja nguo sebuleni, nilisikia kitu kikigonga vigae. Neema ndiye aliyeiona kwanza, chini ya kiti. Aliipangusa vumbi kwenye sketi yake, akaniuliza kama shilingi kumi hiyo ni yetu au ni ya fundi.